Maji ya Kunde

Elfu moja na mia mbili kwa bonge.
Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza Nyamizi tena,
naye, kalamu sikioni, vifungo vimejaa kiganjani,
akasema, "Ni hiyohiyo, dada. Mzigo mpya. Shika mwenyewe."

Nikashika.
Uzi niliouzoea huja na treni kutoka Dar, elfu tatu na nusu,
na mara nyingine hauji.
Huu ulirundikwa kwenye beseni la plastiki
kati ya zipu na lastiki, lebo zake maandishi ya kwao,
kama sisimizi waliopangwa mstari.
Rangi hazikuwa na majina, basi nikazipa:
damu ya mzee;
bluu ya shati la shule lililofuliwa muhula mzima;
na ule wa tatu, maji ya kunde,
ambao niliuchukua kwa kuuhurumia tu.

Wanasema cha rahisi ni ghali.
Mimi nasema cha rahisi kijaribiwe.

Usiku huo, Isevya nzima ikijikunyata kwa baridi ya Juni,
niliketi jikoni na kiberiti.
Nikachoma ncha moja moja:
zote tatu zilijikunja, zikaacha vishanga vyeusi vigumu
na harufu ya ndoo iliyosahauliwa kando ya jiko.
Sufu haikupita hapo hata kusalimia.
Nikaandika daftarini, nisije nikawadanganya wateja:
plastiki, ila laini.

Kisha sindano namba nne, mishono ishirini,
kipande cha kiganja kwa kila rangi.
Damu ya mzee ilipita vidoleni kama umbea.
Bluu ikanikwamisha: fundo.
Safu tatu mbele, fundo jingine.
Hadi kiini cha bonge, mafundo manne,
yote yamekazwa vizuri, mikia imekatwa kwa unadhifu.
Nilianza kutukana, nikaacha.
Kuna mtu huko, sijui nchi gani, uzi ulimkatikia mkononi
na zamu haijaisha, na msimamizi yuko mgongoni;
akaunga, akaficha, akaendelea.
Nami nimeunga mangapi humu ndani
nikayafunika kwa kitambaa cha kochi?

Asubuhi nikafua.
Damu ya mzee ikachuja beseni zima.
Maji ya kwanza, ya pili, chumvi, siki, bado inalia,
na fulana nyeupe ya Masanja, niliyoitupia humo bila kutazama,
ikatoka na doa la waridi kifuani.
Anaivaa. Anasema stesheni wamemwonea wivu.

Maji ya kunde hayakutoa hata tone.
Hayakuvutika, hayakujikunja pembeni.
Yalikaa tu kambani, ya rangi ya hakuna-anayekuangalia,
yakakauka kwanza.

Mama Kashindye akachungulia juu ya ua wa matete:
"Jirani, hizo nguo za nani? Umezaa sungura?"
Nikamweleza, kwa mdomo wangu huu usio na pindo,
bei, duka, beseni,
na ule wa kunde usivyochuja.
Alisikiliza vizuri mno.

Alasiri nilipofika kwa Nyamizi beseni lilikuwa nusu.
"Wa kunde? Umeisha. Mama mmoja wa huko kwenu
kabeba mabonge kumi na moja."
Nilisimama nikihesabu kimya,
kumi na moja, sweta tatu na kofia,
halafu kicheko kikanitoka.
Usiku kucha nafuma,
asubuhi nafumua kwa ulimi.

Nikanunua bluu, mabonge matano, na mafundo yake.
Nyamizi alinipunguzia mia mbili bila kuombwa.

Sasa nafuma sweta la mjukuu wa Kalunde,
atakayezaliwa kabla ya mvua.
Fundo likija silikwepi.
Nalisukumia upande wa nje, mbali na ngozi changa;
atakayeliona na alione.
Ndani ni laini. Nimepajaribu kwa shavu.